JE, MSHUBIRI UNAPONYA CHUNUSI?
Somo la afya kwa vijana na wazazi



Katika kutembelea nyumba kwa nyumba, vijana wengi huniuliza swali hili. Wengine wameacha kwenda shule kwa aibu ya chunusi. Binti mmoja aliuza unga wa mgao wa familia ili anunue krimu ya kung'arisha uso. Ndiyo maana tunajifunza leo.

CHUNUSI NI NINI?
Ngozi hutoa mafuta yake yenyewe. Wakati wa kubalehe mafuta hayo huongezeka. Yakichanganyika na ngozi iliyokufa, huziba vitundu vya vinyweleo. Bakteria huzaliana humo, ngozi huvimba na kutunga usaha. Chunusi si laana, si uchafu, wala haziambukizi.

MSHUBIRI UNAFANYA NINI?
Ute usio na rangi ulio ndani ya jani hupoza ngozi na huweza kupunguza uvimbe. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Irani uliofanywa kwa wagonjwa 60 kwa muda wa wiki 8. Waliopaka dawa iitwayo tretinoini pamoja na ute wa mshubiri walipata nafuu kuliko waliopaka tretinoini peke yake. Angalieni vizuri: mshubiri ulisaidia dawa, haukuchukua nafasi yake. Kwa hiyo jibu ni hili: unasaidia kidogo, lakini peke yake usiutegemee kuponya.

KOSA LANGU
Nilipokuwa na miaka 17 nilikata jani nikajipaka hapo hapo. Uso uliniwaka siku mbili. Sikujua kwamba chini ya ganda kuna utomvu wa njano unaowasha. Utomvu huo ukinywewa huharisha vibaya. Watoto na mama wajawazito wasinywe kabisa.

UKITAKA KUJARIBU
1. Hakikisha ni mshubiri. Jani la mkonge lina nyuzi ndani, nalo huwasha. Mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa ni hatari kwa macho.
2. Nawa mikono. Kata jani, lisimamishe mpaka utomvu wa njano uishe kutoka.
3. Menya ganda, osha ute kwa maji safi.
4. Paka kidogo mkononi, ngoja siku moja. Ukiwashwa, acha.
5. Tumia ute wa siku hiyo hiyo tu. Usiupake penye kidonda.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Usitumbue chunusi, utabaki na makovu.

TAHADHARI KUHUSU KRIMU ZA SOKONI
Baadhi zina steroidi. Mwanzoni uso hupendeza, baadaye ngozi huwa nyembamba na chunusi hurudi kwa wingi. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Usiuze chakula cha watoto kununua madhara.

NENDA ZAHANATI ikiwa chunusi ni kubwa, zinauma au zinaacha makovu. Dawa zipo, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Mama mjamzito amweleze mganga hali yake, kwani tretinoini haimfai.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Kwa nini tunaondoa utomvu wa njano?
2. Mzazi amsaidieje kijana anayeona aibu?

Afya ni mali. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.