Krismasi Kihambani: Mafunzo Niliyopata Baada ya Kufiwa

Sisi Wachagga, Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi ya Moshi yanajaa, ndugu wanatoka Dar es Salaam na Mwanza, na marehemu wetu wako hapo hapo, maana tunazika kihambani, katikati ya migomba na kahawa. Nilipofiwa na mume wangu niliiogopa Krismasi ya kwanza kuliko hata siku za matanga. Msibani watu wanakushika mkono, lakini sikukuu ikifika unatarajiwa uchangamke.

1. Omba kazi inayomhusu marehemu

Asubuhi ya mkesha nilijifungia chumbani. Mama mkwe akagonga mlango akiwa na panga mkononi: "Mwanangu, twende tukamfyekee mumeo." Tulifyeka majani, tukasugua msalaba kwa brashi na maji ya sabuni. Mvua za vuli zilikuwa zimeotesha ukungu wa kijani ndani ya herufi za jina lake, nami nikautoa kwa kijiti, herufi moja baada ya nyingine. Nililia muda wote huo, na hakuna aliyeniambia nijikaze. Wifi yangu aliendelea kufagia pembeni. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia na kupumua vizuri kwa wakati mmoja. Ukifiwa, usikubali kukalishwa kitini ukihurumiwa tu.

2. Jina lake liitwe

Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mwanangu alipompata wake, akafuata desturi. Krismasi moja nikasikia shangazi za mjukuu wangu wakiliita jina lile uani: "Shuka kwenye huo mparachichi, chakula tayari!" Mwili ulinisisimka. Kumbe walioogopa kumtaja marehemu mbele yangu walipata mlango: mezani wakaanza kusimulia alivyopenda mtori, alivyoimba besi kanisani hadi madirisha yakatikisika. Tulicheka sana.

3. Isale kabla ya mbege

Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Shemeji zangu wawili waligombania mpaka wa kihamba baada ya mazishi, wakaacha kusalimiana. Kila mmoja alikwenda kaburini kwa saa yake. Kisha mkesha mmoja, yule mdogo akaingia uani ameshika jani la isale. Mchagga akikuletea isale anakuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito mno. Mmea huo huo ndio tunaoupanda makaburini na mipakani mwa vihamba. Kaka mtu alilitazama lile jani kwa muda mrefu, akalipokea, wakaenda pamoja kaburini kwa ndugu yao. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka baada ya sala, si kabla. Nilikuwa nimetafuta faraja kwa wanaokuja kunipa pole, nikaikuta kwa ndugu wawili waliopatana. Kama nyumbani kwenu kuna ugomvi, anzeni nao kabla ya maua na mishumaa.

4. Aliye mbali asiachwe nje

Najua wengine kazi zinawabana na siku za likizo hazitoshi. Binti yangu ni muuguzi Ujerumani; hafiki kila mwaka. Hutuma hela ya chokaa ya kupaka kaburi, nasi humpigia simu ya video tukiwa kaburini. Mwaka huu ametuomba tucheleweshe sala mpaka atoke zamu, kwa sababu anataka kuiongoza yeye. Tumekubali.