Foklifti Safarini, Industrial Area hadi Kariobangi

Foklifti ya kuinua tani 2.5 yenyewe huwa na uzito unaokaribia tani 4, kwa sababu ya chuma kizito cha nyuma kinachoisawazisha. Pikapu haifai, hata mwenyewe akiapa. Kodi trela ya chini.

Ikiwa haina mzigo, ipandishe kinyumenyume, uma zikielekea chini ya mteremko. Juu, laza uma sakafuni, vuta breki ya mkono, zima injini, funga mtungi wa gesi. Minyororo minne ifungwe kwenye fremu, si kwenye mlingoti.

Pima kimo: kwenye vichochoro vya Umoja na Kayole nyaya za stima huning'inia. Na matuta! Simama baada ya kilomita chache, ukaze minyororo upya.