Jiwe Lililochongwa na Jiwe Lililovunjika: Mfano wa Lomekwi

Mnamo Julai 2011, watafiti walioongozwa na Sonia Harmand walipotea njia magharibi mwa Ziwa Turkana. Huko Lomekwi wakaona mawe yenye makovu ya kugongwa. Je, kila jiwe lenye makali ni zana? La hasha! Maji na maporomoko nayo huvunja mawe. Pigo la mkono, hata hivyo, hubandua kibanzi chenye uvimbe pale lilipotua. (Neno ‘kibanzi’ tunalo tayari kwa seremala, hatuna haja ya kukopa.)

Utata mkubwa zaidi ni wa umri. Jiwe la kuokotwa huenda limeporomoka kutoka tabaka changa lililo juu. Ndiyo maana walichimba. Jiwe moja la kilo 1.85, lililofukuliwa tabakani, lilishikana barabara na kibanzi kilichookotwa juu ya ardhi. Hivyo umri wa tabaka, miaka milioni 3.3, ukawa umri wa vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, vipande vikiwa 149. Mabaki ya kale zaidi yanayojulikana ya jenasi Homo yana miaka milioni 2.8, kwa hiyo aliyeyagonga mawe hayo hajatambuliwa bado.