Damu Ikipungua, Tupime Nini?

Tumfikirie mama mmoja wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika. Ana mimba ya miezi mitano. Akipanda kutoka ziwani na ndoo ya maji, moyo humwenda mbio. Kila siku anakula ugali wa muhogo na dagaa. Mboga za majani hapati mara nyingi. Jirani zake wanasema ni mvivu.

Anakwenda kliniki. Nesi anatazama viganja vyake na ndani ya kope. Vimepauka. Anamtoboa kidole na kupima tone la damu.

"Mama, damu yako ni gramu 8. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11."

"Nilidhani ni uchovu wa mimba tu, nesi."

Lakini kipimo hiki hakisemi kilichopungua ni nini. Huenda ni madini ya chuma. Huenda ni malaria au minyoo. Huenda ni foleti, yaani vitamini iliyomo katika mboga za majani, maharage, kunde, karanga na maini.

Mtaalamu mwenye darubini huona tofauti. Chuma kikipungua, chembe nyekundu za damu huwa ndogo, tena zimepauka. Foleti ikipungua, chembe huwa kubwa kupita kawaida, nazo ni chache. Vitamini B12 ikipungua, chembe huwa kubwa vilevile. Kwa hiyo daktari hupima zote mbili. Ukitibu kwa foleti peke yake, damu yaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Kipimo cha foleti chenyewe hufanywa katika maabara kubwa. Damu hutolewa mshipani. Majimaji ya damu huonyesha chakula cha siku za karibuni tu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo foleti iliyo ndani yake huonyesha miezi kama mitatu iliyopita. Damu hiyo haitaki mwanga wala joto. Tena isitikiswe mpaka chembe zipasuke, maana kipimo kitadanganya. Fikiri safari ya kutoka ziwani kupanda mlima hadi Sumbawanga!

Mama wetu hangoji kipimo hicho. Anapimwa malaria, kisha anapewa vidonge vyenye chuma na foleti pamoja. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alieleza jinsi alivyowatibu wajawazito wa Bombay, India, kwa chakula kilichotengenezwa kwa hamira. Dawa iliyokuwa ndani yake ilikuwa foleti, ingawa jina hilo halikuwapo bado.

Baada ya wiki moja mama anaacha vidonge. Choo chake kimekuwa cheusi, naye anaogopa. Nesi anamweleza: weusi huo ni wa chuma, hauna madhara. Anamwambia pia asichemshe mchicha kwa maji mengi na kuyamwaga, kwa sababu foleti huenda na maji.

Maswali
1. Kwa nini mama aliacha vidonge?
2. Chembe zikiwa kubwa, ni vitamini zipi hupimwa?
3. Nyumbani kwako mnapikaje mchicha?