Kuyaelewa majibu ya damu ya tezi ya thairoidi

Mgonjwa wa tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi hupewa majibu ya TSH, T4 na T3. Wengi wakiona TSH iko chini hudhani wamepungukiwa. Sivyo.

T4 na T3 ni homoni za tezi hiyo iliyoko shingoni. TSH hutoka katika tezi ndogo chini ya ubongo, nayo huiamrisha ile ya shingoni ifanye kazi. Homoni zikizidi, amri hupungua. Hivyo TSH ikiwa chini (maabara nyingi huweka kiwango cha 0.4 hadi 4.0) na T4 au T3 ikiwa juu, tezi imezidisha kazi. Ndipo moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mwili hukonda.

Ukianza kabimazoli, T4 hushuka kwanza. TSH huweza kubaki chini kwa miezi kadhaa. Usiongeze wala kuacha vidonge kwa kutazama TSH peke yake. Mweleze daktari kama una mimba au unatumia vidonge vya biotini, kwani huweza kubadili majibu.

Ukipata homa na koo kuuma ukiwa katika dawa hiyo, acha kumeza na uwahi hospitali siku hiyo hiyo upimwe chembe nyeupe za damu.