Oili ya Injini Zenye Nguvu: Funzo Kutoka Vilima vya Karagwe na Kyerwa

Utangulizi

Lori lililobeba saruji lipandapo kutoka bonde la Mto Kagera, penye daraja la Kyaka, kuelekea Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, injini yake hunguruma kwa gia ndogo kwa muda mrefu. Katika barabara za changarawe za Wilaya ya Kyerwa, baina ya Nkwenda na Murongo, pikipiki nazo hupanda vilima zikiwa na abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Vyombo hivi viwili havifanani, lakini vyote huharibiwa na kosa moja: kuchagua oili kwa mazoea. Wengi huamini kwamba oili iliyo nzito zaidi ndiyo iliyo bora zaidi. Imani hiyo imeua injini nyingi, na injini ikifa katikati ya msimu wa kahawa, familia nzima hukosa riziki. Makala haya yanaeleza kwa njia ya fizikia jinsi oili ifaayo inavyochaguliwa.

Injini yenye nguvu ni ipi?

Jina hili halihusu magari ya mashindano peke yake. Kipimo kizuri ni nguvu inayotolewa na kila lita ya ujazo wa silinda. Chukua mfano wa pikipiki ya sentimita za ujazo 125, yaani sehemu moja ya nane ya lita, inayotoa kilowati 7.5. Kwa kila lita hiyo ni sawa na kilowati 60. Lori lenye injini ya lita 6 na nguvu ya kilowati 150 hutoa kilowati 25 tu kwa lita. Kwa kipimo hiki, pikipiki ndogo hufanya kazi kali kuliko lori.

Hata hivyo lori lina taabu yake. Kutoka bondeni hadi nyanda za juu za Karagwe, zilizo kiasi cha mita 1,500 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, lori hupanda mamia ya mita. Lori la tani 15 likipanda mita 400, kazi inayofanyika dhidi ya uvutano wa dunia ni:

kilo 15,000 × 10 × 400 = jouli milioni 60.

Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kwa hiyo jouli nyingine milioni 120 huwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwa moshi na kwa maji ya rejeta, lakini sehemu yake hubebwa na oili.

Utando unaobeba mzigo

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Mhimili ulipozunguka, oili ilibubujika kupitia tundu hilo. Alipoliziba, kizibo kilisukumwa nje. Hivyo ilidhihirika kwamba mhimili unaozunguka huivuta oili chini yake na kuzalisha kanieneo kubwa ya kutosha kuuinua mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza jambo hilo kwa hisabati.

Unene wa utando huo hutegemea mambo matatu: mnato wa oili, mwendo wa mhimili na uzito wa mzigo. Oili ikiwa nyepesi mno, utando hukatika na chuma husugua chuma. Ikiwa nzito mno, huchelewa kufika panapohitajika wakati wa kuwasha injini, hupoteza nguvu na huongeza joto. Basi inatafutwa oili yenye mnato wa kutosha, si mnato mwingi kupita wote.

Maana ya namba

Mnato hupungua upesi joto linapozidi. Ndiyo sababu chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilipanga madaraja. Oili ya daraja la 40 ni ile ambayo mnato wake katika nyuzi 100 za Sentigredi ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Daraja la 30 huanzia 9.3 na kuishia chini ya 12.5, daraja la 50 huanzia 16.3 na kuishia chini ya 21.9.

Oili iliyoandikwa 15W-40 hutimiza masharti mawili. Herufi W huonyesha kwamba imepimwa pia katika baridi kali. Namba 40 huonyesha hali yake ikiwa moto. Huwa imetiwa polima, yaani molekuli ndefu ambazo hujikunja oili ikiwa baridi na kujinyoosha ikipata moto. Karagwe haina barafu, lakini asubuhi zake ni za baridi. Oili ya 15W-40 hufika kwenye beringi mapema kuliko oili ya SAE 40 tupu, na injini ikishapata moto huwa zote zi katika daraja lile lile.

Maana ya herufi za ubora

Namba hueleza mnato tu. Ubora huelezwa na herufi za taasisi ya mafuta ya Marekani, API. Herufi S ni ya injini za petroli. Herufi C ni ya dizeli. Katika kundi la dizeli, CI-4 ilianza kutumika mwaka 2002 na CK-4 mwaka 2016. Makopo mawili yaweza kuandikwa 15W-40 yote, kumbe moja lina viambato vya kulinda injini ya kisasa na jingine halina.

Lori lenye tabo

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukuma hewa ndani ya silinda. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake huelea juu ya utando wa oili. Malori mengi ya namna hii hutumia 15W-40 ya CI-4 au ya daraja la baadaye. Injini zenye kichujio cha masizi katika bomba la moshi huhitaji oili yenye majivu machache, kama CK-4.

Dereva afikapo kileleni asizime injini mara moja. Akizima, oili husimama ndani ya tabo ambayo bado ni ya moto sana, ikaungua na kuacha makaa. Inafaa injini iachwe ikiunguruma polepole kwa dakika mbili au tatu.

Pikipiki

Katika pikipiki nyingi oili moja, isiyozidi sana lita moja, huhudumia injini, gia na klachi. Sahani za klachi huloweshwa na oili hiyo, na bado zahitaji msuguano ili zishikane. Baadhi ya oili za magari madogo zina viambato vya kupunguza msuguano. Zikitiwa katika pikipiki, klachi huteleza: injini hulia, lakini chombo hakipandi kilima. Alama ya kutafuta ni JASO MA, ya viwango vya Japani. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili.

Tena meno ya gia hukatakata zile molekuli ndefu, na mnato ukashuka. Kwa hiyo oili ya pikipiki ibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kichujio cha hewa nacho kisafishwe, kwa maana vumbi la changarawe likiingia katika oili husaga chuma kama msasa.

Jaribio la darasani

Toboa tundu la milimita 3 au 4 chini ya kopo safi. Pima sekunde zinazohitajika ili mililita 50 za oili mpya ya SAE 40 zitiririke. Rudia kwa 15W-40. Kisha pasha oili zote mbili hadi nyuzi 60 kwa kuziweka ndani ya maji ya moto, wala si juu ya mwali, upime tena. Wanafunzi wataona kwamba tofauti iliyokuwapo katika ubaridi hupungua sana katika joto.

Muhtasari

Anayenunua oili afuate hatua hizi:
1. Asome kitabu cha injini kwanza.
2. Alinganishe namba ya mnato.
3. Alinganishe herufi za ubora: API kwa lori, pamoja na JASO kwa pikipiki.
4. Akague alama ya TBS na kifuniko kisichofunguliwa.
5. Asihukumu kwa rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake.

Maswali

1. Pikipiki ya sentimita za ujazo 150 hutoa kilowati 10.5. Tafuta nguvu yake kwa lita.
2. Lori la tani 20 hupanda mita 300. Tafuta kazi iliyofanyika, na joto lililopotea ikiwa theluthi moja ya nishati ndiyo iliyotumika.
3. Eleza kwa nini oili nzuri ya gari dogo yaweza kuwa mbaya kwa pikipiki.