Kopo la lishe peke yake halimrudishii mzee nguvu

SWALI: Baba yetu ana miaka 84 na anaishi katika makao ya wazee. Amedhoofika, na wahudumu hutuagiza kopo la unga wa lishe kila baada ya wiki mbili. Bei yake inatuumiza. Je, litamrudishia nguvu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Likiwa peke yake, sidhani. Kuongeza kilo na kuongeza nguvu ni mambo mawili, ingawa matangazo ya makopo haya hupenda kuyachanganya. Mwaka 1994 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 100 dhaifu wa makao, wenye wastani wa miaka 87. Kwa wiki 10 baadhi yao walifanya mazoezi ya miguu kwa uzito, wengine walipewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na waliobaki hawakupata hata kimoja. Waliofanya mazoezi, nguvu za misuli yao ziliongezeka zaidi ya maradufu na wakatembea kwa kasi zaidi. Kinywaji bila mazoezi hakikupunguza udhaifu. Pengine mtasema huyu wetu hawezi mazoezi. Lakini hao walikuwa wakongwe kumshinda, na wengi walitegemea mkongojo au kiti cha magurudumu. Basi kabla ya kopo lijalo, ulizeni kama kuna mtaalamu wa viungo anayemsimamia baba ainuke kitini mara kadhaa kwa siku.

Hoja nzito zaidi ni ya wahudumu: mzee hali, afanyeje mazoezi? Hapo wana haki, na kopo lina kazi yake. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita, yaani zaidi ya kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, anastahili kinywaji hicho. Lakini apewe cha kutosha: mwongozo wa wataalamu wa lishe barani Ulaya unataka angalau kilokalori 400 na gramu 30 za protini kwa siku, kwa mwezi mmodi au zaidi, kisha apimwe tena. Kijiko kimoja ndani ya uji hakifiki huko. Anywe kati ya milo, maana akinywa kabla ya chakula, sahani itarudi jikoni kama ilivyokuja. Na daktari aangalie kwanza sukari, figo, meno na dawa zinazoua hamu ya kula.

Kama uzito wake haujashuka, fedha hiyo mngeinunulia maziwa, maziwa lala na mayai. Nchini Australia, makao 60 yalifuatiliwa kwa miaka miwili, nusu yakiongeza maziwa, mtindi na jibini mezani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mivunjiko ya mifupa ilipungua kwa theluthi, na ya nyonga karibu nusu. Vifo havikupungua, ni kweli, lakini kwa mzee nyonga nzima ndiyo tofauti ya kwenda msalani mwenyewe na kulala kitandani mchana kutwa. Ombeni makao yawaonyeshe kumbukumbu za uzito wake za miezi sita. Zikikosekana, anzeni na mizani.